DAFTARI, MPAKA NA KURA: FUNZO LA WILAYA ZA ALABAMA KWA MAKARANI

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa na wanachama wachache baada ya mkutano wa tawi letu. Mwenzetu mmoja alikuwa amesoma habari za Marekani, akasema hivi: "Katika jimbo la Alabama zaidi ya robo ya watu ni weusi. Sheria yawapa kura sawa na wengine wote. Basi kama kwa miaka mingi hawakupata robo ya viti, kosa ni lao wenyewe. Watu hao hawapendani." Wengine walitikisa vichwa kukubali. Mimi sikukubali, lakini saa ya kurudi nyumbani ilikuwa imefika, na jambo lenyewe si la kujibiwa mlangoni. Nalijibu hapa, kwa heshima ya mwenzetu huyo na ya wote waliomkubali.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: haki ya kura haikai katika sheria peke yake. Yakaa pia katika vitu viwili ambavyo sisi makarani twavishika kila siku, navyo ni daftari na mpaka. Mtu aweza kuwa na haki kamili kwa sheria, na jina lake lisiwemo daftarini. Tena aweza kuwamo daftarini, na mpaka ukachorwa hata kura yake isimfikishe popote. Wilaya za Alabama zatuonyesha yote mawili waziwazi.

Kwanza tutazame watu hao wanakaa wapi. Alabama ina wilaya 67, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 jimbo zima lilikuwa na watu 5,024,279. Watu weusi hawakutapakaa sawasawa katika wilaya hizo. Katikati ya jimbo, kutoka mashariki hata magharibi, yapita nchi yenye udongo mweusi na rutuba nyingi, iitwayo Ukanda Mweusi. Kabla ya vita vya mwaka 1861 hadi 1865, wenye mashamba ya pamba waliijaza nchi hiyo watumwa, na wengi wa wazao wao wako huko hata leo. Ndiyo sababu katika wilaya za Macon, Sumter, Wilcox, Bullock, Lowndes, Perry na Greene watu weusi ni wengi kuliko weupe. Katika Macon na Greene wapata karibu wanane katika kila watu kumi. Lakini ukienda kaskazini kwenye vilima vya Winston na Cullman, ambako hapakuwa na mashamba makubwa ya pamba, utawakuta watu weusi wachache mno.

Asikiaye hayo aweza kudhani kwamba nguvu yote ya kura ya watu weusi iko katika Ukanda Mweusi. Na achukue kalamu ahesabu. Mwaka 2020 Macon ilikuwa na watu 19,532, Sumter 12,345, Wilcox 10,600, Bullock 10,357, Lowndes 10,311, Perry 8,511, na Greene 7,730. Jumla yao wote, weusi kwa weupe, wakubwa kwa watoto, ni 79,386. Sasa iangalie wilaya moja tu ya Jefferson, yenye mji wa Birmingham. Ilikuwa na watu 674,721, na zaidi ya wanne katika kila kumi ni weusi. Yaani watu weusi wa Jefferson peke yao wapita 250,000, zaidi ya mara tatu ya watu wote wa wilaya zile saba. Mji wa Birmingham ulianzishwa mwaka 1871 kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma, na kazi ya migodi na matanuri iliwavuta watu kutoka mashamba ya pamba.

Basi ziko wilaya za namna mbili. Katika namna ya kwanza watu weusi ni wengi kwa sehemu, lakini wachache kwa idadi: waweza kumchagua mkuu wa polisi wa wilaya na wajumbe wa halmashauri ya shule, lakini sauti yao ni ndogo katika jimbo zima. Katika namna ya pili ni wengi kwa idadi, lakini si wengi kuliko jirani zao: hawawezi kumchagua mjumbe wao bila mpaka wa haki, ama bila mapatano na jirani. Asemaye "robo ya watu" bila kuuliza "robo hiyo iko wapi" amesoma jumla ya ukurasa bila kuzitazama safu zake, na hilo ni kosa ambalo karani wa hesabu hasamehewi.

Tena, katika hesabu ya watu yatupasa kuwatoa watoto walio chini ya miaka 18, na wasio raia, na waliopokonywa kura kwa makosa ya jinai. Wabakiao ndio wenye haki ya kupiga kura. Wenye haki si lazima wawe ndio walioandikwa, na walioandikwa si lazima wawe ndio wanaofika kituoni. Makundi hayo ni matatu, na kati ya moja na jingine pana mlango. Nani ameketi mlangoni? Hapo ndipo habari hii inapotugusa.

Mwaka 1870 katiba ya Marekani ilikataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake, na wanaume weusi wa Alabama walipiga kura kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka 1901 jimbo likafanya katiba mpya. Mwenyekiti wa mkutano huo, John B. Knox, alisema bila kificho kwamba nia yao ilikuwa kuweka utawala wa watu weupe bila kuvuka mipaka ya katiba ya Marekani. Kwa hiyo hawakuandika popote kwamba mtu mweusi asipige kura. Waliandika kwamba mpiga kura ajue kusoma na kuandika, au awe na mali. Na kwamba alipe kodi ya kichwa ya dola moja na nusu kila mwaka, na deni la miaka ya nyuma lijumlishwe hata lifike dola 36.

Kodi ya kichwa twaijua. Wazee wetu waliitafutia fedha kwa jasho, na wengine walifungwa kwa kukosa kuilipa. Huko Alabama asiyeilipa alikosa kura tu, na kimya kikatanda. Katika wilaya 14 za Ukanda Mweusi, watu weusi waliokuwa daftarini mwaka 1900 walikuwa 79,311. Kufika katikati ya mwaka 1903 walikuwa 1,081. Watu hao hawakufa kwa tauni wala hawakuhama. Mashamba yalikuwa yale yale, na walimaji ni wale wale. Kilichobadilika ni daftari.

Kazi hiyo ilifanywa na nani? Haikufanywa na askari wenye bunduki, ingawa vitisho na mauaji yalikuwapo pia. Ilifanywa mwaka hata mwaka na halmashauri ya uandikishaji ya kila wilaya, yaani watu walioketi nyuma ya meza wakiwa na wino, fomu na saa ukutani. Katika wilaya ya Dallas, ambako mji wa Selma uko, ofisi hiyo ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Mtu alisimama foleni tangu asubuhi, na saa ilipofika akaambiwa arudi siku nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 1965 Dallas ilikuwa na watu weusi wazima kama 15,000, na walioandikwa walikuwa kama 300. Katika wilaya za Lowndes na Wilcox, ambako watu weusi walikuwa wengi kupita kiasi, hakuwamo hata mmoja daftarini.

Mwenzetu mwingine alisema siku ile kwamba dawa ya mambo hayo ni elimu. Nami naipenda elimu. Ndiyo iliyonitoa shambani ikanipa kiti hiki. Lakini hebu tutazame wilaya ya Macon. Huko ndiko iliko shule ya Tuskegee, aliyoianza Booker T. Washington mwaka 1881. Jina hilo si geni kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki, akiwamo Dakta Aggrey, shule ya Tuskegee ilitajwa kuwa mfano kwa shule za Waafrika. Basi Macon ilijaa walimu na waganga na wasomi weusi, watu waliosoma kuliko wengi wa wale waliowatahini. Hata hivyo waliangushwa katika mtihani wa kusoma na kuandika, ilhali watu weupe wenye elimu ndogo sana walipita. Ikatokea hata waandikishaji wakajiuzulu, ili pasiwe na ofisi ya kuandikisha wala mtu wa kushtakiwa.

Jambo hilo lanitia woga kuliko mengine yote, kwa kuwa sisi tumezoea kuamini kwamba cheti ni ngao. Kenya, katika uchaguzi wa mwaka 1957, Waafrika walipewa kura kwa vipimo vya elimu, mapato, utumishi na mambo mengine kama hayo, na mwenye sifa nyingi aliweza kupata hata kura tatu. Wako makarani waliojivuna. Lakini mtihani umpandishao mtu leo waweza kumwangusha kesho, maadamu msahihishaji ni mmoja na hajibu kwa mtu yeyote. Haki inayopimwa na mwenye meza si haki tena, imekuwa hisani.

Sasa nije kwenye mpaka. Mji wa Tuskegee hapo kwanza ulikuwa na mpaka wa mraba. Mwaka 1957 watu weusi walioandikwa walipoanza kuongezeka, baraza la kutunga sheria la Alabama liliuchora upya, ukawa umbo la pande 28. Katika wapiga kura weusi kama 400 waliokuwamo mjini, wakabaki wanne au watano. Wengine wote walijikuta nje ya mji bila kuhamisha hata kigoda. Hakuna mpiga kura mweupe aliyetolewa. Charles Gomillion, mwalimu wa Tuskegee, na wenzake walipeleka shauri mahakamani, na mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana nao kwamba, madai yao yakithibitishwa, mpaka huo wavunja katiba.

Mpaka wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Viti vya baraza la Alabama vilikuwa vimegawanywa mwaka 1901, na ingawa sheria iliagiza vigawanywe upya kila miaka kumi, miaka 60 ilipita bila kuguswa. Ikawa Lowndes yenye watu 15,417 ina seneta mmoja, na Jefferson yenye watu 634,864 nayo ina seneta mmoja. Mahakama ilikataza jambo hilo mwaka 1964. Msomaji asije akadhani kwamba watu weusi wa Lowndes ndio waliofaidi. Wao hawakuwamo daftarini. Walihesabiwa vichwa ili kiti kipatikane, wakanyimwa kalamu ya kumchagua mwenye kukikalia. Weupe wachache wa wilaya hiyo walipiga kura kwa uzito wa wilaya nzima.

Ili tuone jinsi mpaka unavyofanya kazi, tuchukue mfano mdogo. Tuseme wako watu 70, na 19 kati yao ni weusi, ambayo ni karibu sehemu ile ile ya Alabama. Nao wagawanywe makundi saba ya watu kumi kumi, kila kundi lichague mjumbe wake. Ukiwatawanya wale 19 wawili wawili au watatu watatu, hawatashinda katika kundi lolote. Ukiwajaza kumi katika kundi moja na kuwatawanya tisa waliobaki, watapata mjumbe mmoja. Ukiwaweka sita sita katika makundi matatu, watapata watatu. Watu ni wale wale 19, kura ni zile zile 19. Matokeo ni sifuri, au moja, au matatu. Methali husema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata vidole kumi havivunji kitu vikifungwa kila kimoja mbali na mwenziwe.

Nisije nikaeleza ubaya tu. Tarehe 7 Machi 1965 watu walipigwa darajani Selma kwa kudai kuandikwa, na tarehe 6 Agosti mwaka huo huo Sheria ya Haki ya Kura ilitiwa sahihi. Siku chache baadaye serikali ya Marekani ilipeleka waandikishaji wake katika wilaya kadhaa, zikiwamo Dallas, Lowndes, Hale na Marengo. Hao walikuwa watumishi wa serikali kama sisi, waliotoka katika tume ya utumishi. Waliweka meza, wakafungua daftari, wakawaandika waliofika. Kabla ya sheria hiyo, katika jimbo zima walioandikwa hawakufika watu 20 katika kila watu weusi 100 wenye umri wa kura. Kufika mwaka 1967 walipita 50. Mwaka 1966 Macon ilimchagua Lucius Amerson, mtu mweusi, kuwa mkuu wa polisi wa wilaya. Mwaka 1970 Lowndes ilimchagua John Hulett kwa kazi hiyo hiyo, naye alikuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kuandikwa huko mwaka 1965. Daftari lilifungwa na makarani, na makarani wengine wakalifungua.

Lakini kazi ya namna hiyo haiishi. Mwaka 2013, katika shauri lililoletwa na wilaya ya Shelby ya Alabama hiyo hiyo, Mahakama ya Juu iliondoa kipimo kilichoyalazimisha majimbo kama hilo kuomba idhini kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Mwaka 2015, baada ya kitambulisho chenye picha kuwa sharti la kupiga kura, serikali ya Alabama ilitangaza kufunga ofisi 31 za leseni za udereva kwa kukosa fedha, na nyingi katika Ukanda Mweusi zilikuwamo. Watu walilalamika, na ofisi zikarudishiwa siku chache chache, kisha zaidi. Hakuna aliyetunga sheria mpya ya kumnyima mtu kura. Ilikuwa habari ya saa za ofisi tu.

Na juu ya mpaka, mwaka 2021 Alabama ilichora maeneo saba ya kuchagua wajumbe wa bunge la Marekani, na katika moja tu watu weusi walikuwa wengi. Eneo hilo liliwachukua watu weusi wa Birmingham pamoja na sehemu ya Ukanda Mweusi. Waliobaki, wakiwamo wa Mobile, waligawanywa kati ya maeneo mengine. Tarehe 8 Juni 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikubali kwamba ramani hiyo huenda ikawa yavunja sheria ya mwaka 1965. Baraza la jimbo likachora nyingine isiyoridhisha, na mahakama ikaweka mchoraji wake. Katika uchaguzi wa Novemba 2024 Shomari Figures alishinda katika eneo la pili. Hivyo wajumbe weusi wakawa wawili kati ya saba, karibu robo ile aliyoitaja mwenzetu. Je, kati ya mwaka 2022 na 2024 watu weusi wa Alabama walianza kupendana ghafula? La. Mstari ulisogezwa.

Mtu aweza kunijibu kwamba si vizuri kuchora mipaka kwa kutazama rangi. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na majaji wengine waliishika. Mimi naona kwamba huko Alabama rangi ilikwisha kuchorwa ardhini na pamba na utumwa, na mchoraji ajifanyaye haioni huacha kazi ya wale wa kwanza iendelee. Mwingine atasema wako watu weusi wenye haki, walioandikwa, na hawaendi kupiga kura. Ni kweli, na hao siwatetei. Lakini kwanza tumfungulie mtu mlango, ndipo tumlaumu kwa kutoingia.

Ndugu wanachama, mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili. Nilipokuwa kijana niliwekwa dirishani katika ofisi moja ya bara, kuandika majina ya watu. Siku ya mwisho, saa ya kufunga, mzee mmoja alifika miguu ikiwa na vumbi hata magotini. Akasema, "Mwanangu, nimetoka nyumbani alfajiri." Nikamwonyesha saa, nikafunga dirisha. Sikuvunja kanuni yoyote, na mkubwa wangu alinisifu kwa kushika wakati. Jina la mzee yule halikuingia katika orodha ile. Miaka mingi nilijihesabu karani mwema kwa ajili ya siku hiyo; niliposoma habari za ofisi ya Selma ndipo nilipoiona kwa jicho jingine.

Kwa hiyo naomba tuweke mambo machache katika kazi yetu. Daftari lifunguliwe katika saa ambazo mkulima na mchuuzi waweza kufika. Orodha na mipaka ibandikwe mahali pa wazi, ili aliyeachwa ajue mapema. Karani asimpime mtu kwa mavazi yake wala kwa usemi wake, bali aandike kila mwenye haki. Na katika chama chetu wenyewe, kabla ya kugawa viti vya wajumbe kwa matawi, tuhesabu kwanza wanachama wa kila tawi, la makao makuu na la mbali, tusije tukawa na Lowndes yetu na Jefferson yetu chini ya dari moja.

Huyo mwenzetu aliyesema kosa ni lao, namwomba arudie hesabu yake wilaya kwa wilaya. Akimaliza, aje dirishani kwangu anieleze ameona nini. Sitamfungia.

Wasalaam,
Mimi mwenzenu,
KARANI WA BARA